Marejeleo Yanapokataa Kukaa Sawa: Kutafuta Kasoro Kuanzia Kwenye Daftari

Kila muhula wa mwisho, rasimu za ripoti za utafiti zinapoanza kuingia, wanafunzi huniletea matatizo yale yale. Majina hubadilika, mada hubadilika, kasoro hazibadiliki. Nilipoanza kusimamia utafiti nilikuwa nasahihisha kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa: "chanzo?", "mwaka?", "ukurasa?". Wiki inayofuata mwanafunzi anarudi amejaza mwaka na ukurasa. Nikifungua kitabu chenyewe, wazo hilo halimo. Amejaza pengo ili mimi niridhike. Ndipo nilipoacha kuanzia kwenye orodha ya marejeleo, nikaanza kudai daftari.

Kasoro ya marejeleo huonekana siku ya kuandika, lakini mara nyingi ilitendeka siku ya kusoma, wiki au miezi kabla. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kwa kila dalili iliyomo humu, ombi la kwanza kwa mwanafunzi ni moja: "Nionyeshe ulichoandika siku uliyosoma." Jibu lake litakuambia nusu ya tatizo.

Tuafikiane maneno matatu. Notisi ni maandishi ya mwanafunzi mwenyewe anaposoma. Dondoo ni maneno ya mwandishi yaliyonakiliwa neno kwa neno. Rejeleo ni maelezo yanayomwezesha msomaji mwingine kukifikia chanzo kile kile.

## Dalili: Kaunta buku imejaa, lakini mwanafunzi hana la kuandika

Ana kurasa arobaini za notisi, mwandiko safi, vichwa vimepigiwa mstari kwa rula. Ukimwambia aandike sura ya mapitio ya maandiko, anakaa wiki mbili bila aya moja.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba ananakili. Tusimlaumu haraka. Kwa miaka mingi shuleni mwalimu ameandika ubaoni, yeye akanakili, na daftari likakaguliwa kama limekamilika. Hakuna aliyemwambia kwamba chuoni kazi ya daftari imebadilika. Sababu ya pili: anasoma bila swali. Ana mada ("ukosefu wa maji mijini") lakini hana anachokitafuta, hivyo kila sentensi inaonekana muhimu. Ya tatu, na hii huwa wanaificha kwa aibu, ni lugha: chanzo ni cha Kiingereza kigumu, hakukielewa, akaona salama ni kukichukua kilivyo.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Mwambie afunge daftari akueleze kwa dakika mbili, kwa Kiswahili, chanzo kinasema nini. Akieleza vizuri, tatizo ni mbinu ya kuandika. Akikwama kabisa, tatizo ni swali au lugha.

Kama ni mbinu, mfundishe kufunga kitabu. Anasoma sehemu moja, aya mbili au tatu. Anafunga. Anaandika alichokielewa, sentensi mbili zisizidi. Anafungua kuhakiki kama hakupotosha, kisha anaweka namba ya ukurasa. Mwanzoni atalalamika kwamba inachelewesha, na ni kweli inachelewesha. Mwache alalamike, lakini usimruhusu kurudia kunakili. Baada ya vyanzo vitano au sita mkono huzoea.

Kama ni swali, mwambie aandike swali lake la utafiti juu ya kila ukurasa wa daftari kabla hajaanza kusoma. Kisichojibu swali hakiandikwi, hata kikiwa kizuri namna gani.

Kama ni lugha, mruhusu aelezane na mwenzake kwa Kiswahili kwanza, kisha aandike. Wapo walimu wanaoona hilo ni kumdekeza. Mimi naona ni afadhali notisi ya Kiswahili iliyoeleweka kuliko ya Kiingereza iliyonakiliwa.

Simama hapa. Mwanafunzi akisoma aya moja mara tatu bila kuielewa, badilisha chanzo. Mtafutie kilichoandikwa kwa wepesi zaidi juu ya jambo hilo hilo. Ukiona anaisogeza karatasi karibu na uso au anaruka mistari akisoma kwa sauti, mpeleke akapimwe macho. Hakuna mbinu ya notisi itakayotibu hilo.

## Dalili: "Nilikisoma mahali, Mwalimu"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Wazo ni zuri, limeandikwa kwa maneno yake, na chanzo hakijulikani.

Chunguza kwa utaratibu huu:

1. Picha za simu. Kitabu kipo kwenye akiba ya maktaba, hakiazimwi, hivyo mwanafunzi anapiga picha kurasa kumi na tano anazozitaka. Jalada hakulipiga. Baada ya mwezi ana picha mia tatu za kurasa zinazofanana. Mwambie afungue picha zilizopigwa siku ile ile, kabla na baada, kisha aangalie kichwa cha ukurasa: vitabu vingi huchapisha hapo jina la kitabu au la sura.
2. PDF iliyopita kwenye kundi la WhatsApp. Imekatwa, kurasa za mwanzo hazimo, na jina la faili ni "chapter 2 final". Fungua sifa za faili. Mara nyingine jina la kazi limebaki humo. Kama halimo, chukua sentensi moja isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za mtajo, uitafute Google Scholar au Google Books.
3. Madesa. Makaratasi ya miaka iliyopita yanayouzwa stesheneri. Ndani yake kuna mawazo ya watu yasiyo na wenyewe. Desa si chanzo. Lichukuliwe kama mtu aliyekuelekeza njia: ukifika, unamtaja mwenye nyumba.
4. Daftari lenye vyanzo viwili kwenye ukurasa mmoja, bila mstari wa kutenganisha. Hapa mwanafunzi hukumbuka waandishi wote wawili na kumpa mmoja maneno ya mwingine.

Tiba ya kudumu ni ndogo. Kwa simu: picha mbili za kwanza ni za jalada na za ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina, wenye mwaka, mchapishaji na mji. Baada ya hizo apige anachotaka. Kwa daftari: chanzo kipya, ukurasa mpya, hata kama ukurasa uliopita una mistari miwili tu. Karatasi ina gharama, najua, lakini gharama ya kurudi maktaba wiki ya mwisho ni kubwa zaidi, hasa kwa anayetoka mbali.

Kila mstari wa notisi uwe na herufi pembeni. Mimi hutumia D kwa dondoo, M kwa maelezo niliyoyaandika kwa maneno yangu kutokana na chanzo, na W kwa wazo langu mwenyewe lililonijia nikisoma. Hiyo W ndiyo wanayoisahau, na ndiyo yenye thamani. Mwanafunzi asiyeiweka huishia kumpa mwandishi mawazo ambayo mwandishi hakuyasema.

Takwimu zinahitaji ukali wa pekee. Mwanafunzi anaandika: "Tanzania ina watu milioni 45." Ametoa wapi? Hajui. Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Kwa hiyo hakukosea namba. Alichukua namba ya kweli akaipokonya mwaka wake, ikawa uongo. Namba yoyote kwenye notisi iandikwe pamoja na aliyeihesabu na mwaka aliohesabu, papo hapo. Na kama ameiona gazetini, asiandike kwamba ameisoma kwenye ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ama aifungue ripoti yenyewe, ama aseme ukweli: "kama ilivyonukuliwa katika" gazeti hilo.

Simama hapa. Mwanafunzi akitafuta kwa nusu saa bila mafanikio, aende kwa mkutubi akiwa na sentensi yenyewe, mada, na makisio ya mwaka. Wakutubi wana njia za kutafuta ambazo sisi walimu hatuna, na wengi wao hufurahi kuulizwa swali la maana kuliko kuulizwa chaji ya simu. Mkutubi naye akishindwa, wazo linatoka kwenye kazi. Usimruhusu kuweka mwandishi "anayefaa".

## Dalili: Ukurasa uliotajwa haupo, au mwaka haulingani

Karibu kila mara ni mkanganyiko wa chapa na toleo. Kitabu kikichapwa tena bila kubadilishwa, hiyo ni chapa nyingine. Kikipitiwa na kurekebishwa, hilo ni toleo jipya, na kurasa huhama. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981 na toleo la pili likatoka mwaka 2004. Darasani utakuta mmoja anatumia hili, mwingine lile, wote wameandika "TUKI" basi. Mwanafunzi aandike mwaka wa toleo alilolishika mkononi, si mwaka wa chapa ya mwisho iliyoorodheshwa chini yake, wala si mwaka alioukopa kwenye orodha ya rafiki.

Maandiko mengine hayarejelewi kwa ukurasa hata kidogo. Katiba hutajwa kwa ibara, sheria kwa kifungu, Kurani kwa sura na aya, Biblia kwa kitabu, sura na mstari. Anayeandika "Katiba ya Kenya, 2010, uk. 34" anampoteza mwenye nakala iliyopigwa chapa kwa ukubwa mwingine.

## Dalili: Ripoti ya ulinganifu imetoka na asilimia kubwa

Mwanafunzi anaingia ameshika karatasi, uso umebadilika. Turnitin, programu inayolinganisha kazi na maandishi mengine, imesema asilimia 41. Kabla ya neno lolote, mwambie jambo hili: programu ile hupima kufanana kwa maneno. Haijui wizi. Anayejua wizi ni mtu aliyesoma ripoti yenyewe, rangi kwa rangi.

Anza na ya rahisi. Je, orodha ya marejeleo imehesabiwa? Je, dondoo zilizofungwa kwa alama za mtajo zimehesabiwa? Mipangilio ya programu inaruhusu kuziondoa zote mbili, na mara nyingine asilimia hushuka sana hapo hapo. Je, kurasa za mwanzo za chuo (ikirari, hakimiliki, muundo wa jumla) zimo? Hizo zinafanana kwa kila mtu. Je, rasimu yake ya mwezi uliopita ilipakiwa ikahifadhiwa? Basi analinganishwa na yeye mwenyewe. Mwenye akaunti ya mwalimu anaweza kuweka mpangilio wa kutohifadhi rasimu. Kilichokwisha kuhifadhiwa huondolewa kwa kumwomba msimamizi wa mfumo chuoni.

Yakishaondolewa hayo, kinachobaki kwa kawaida ni ugonjwa mmoja: kubadilisha maneno na kuacha sentensi. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa:

"Mvua za vuli zikichelewa, wakulima wadogo huuza mbegu walizoziweka akiba, na msimu unaofuata huwakuta wakiwa na deni."

Mwanafunzi anaandika:

"Mvua za vuli zinapochelewa, wakulima wa kipato cha chini huuza mbegu walizozihifadhi, na msimu unaokuja huwakuta wakidaiwa."

Amefanya kazi, tena kwa bidii. Amefungua kamusi. Lakini sentensi ni ya mwandishi: mpangilio wake, hatua zake, hata vituo vyake. Hata akiweka jina na mwaka mwishoni, bado anamdanganya msomaji kwamba usemi huo ni wake. Linganisha na hii:

"Kwa mwandishi huyu, deni la mkulima mdogo halianzi kwa mkopeshaji, linaanza siku anapouza mbegu ya akiba kwa sababu vuli haikuja kwa wakati."

Hapa kuna mtu aliyeelewa na kuamua kipi ndicho kiini. Rejeleo bado linahitajika, kwa sababu wazo si lake. Wanafunzi wengi huamini kwamba ukibadilisha maneno umeondoa wajibu wa kutaja chanzo. Rudia somo hili mpaka uchoke, halafu urudie tena.

Zoezi linalofanya kazi kwangu: nawapa aya moja, dakika tatu wasome, naikusanya, kisha nawaambia wamwandikie mdogo wao wa kidato cha pili walichokisoma. Hawana cha kunakili, na wanayemwandikia hataelewa maneno makubwa. Sentensi zinazotoka hapo ni zao.

Sababu ya mwisho haionekani kwenye ripoti, ndiyo maana naiogopa: tafsiri. Mwanafunzi anachukua kurasa mbili za Kiingereza, anazitafsiri, anaziweka kwenye tasnifu ya Kiswahili. Asilimia inatoka ndogo, kila mtu anafurahi. Huo ni wizi uliovuka mpaka wa lugha. Dalili zake ni sentensi zenye uzito usio wa kawaida yake, istilahi ambazo hawezi kuzifafanua ukimuuliza, na mifano ya nchi asizozitaja mahali pengine. Mfundishe mapema: sentensi iliyotafsiriwa neno kwa neno ni dondoo, inafungwa kwa alama za mtajo, inapewa rejeleo, na inaongezwa maneno "tafsiri yangu". Kwenye orodha, jina la kitabu linabaki katika lugha kilichoandikiwa.

Usimwekee mwanafunzi asilimia kama lengo. Aya moja iliyoibwa kwenye kazi ndefu inaweza kuwa asilimia 3, na ni kosa kubwa kuliko asilimia 25 iliyotawanyika kwenye istilahi na majina ya taasisi. Lengo likiwa namba, mwanafunzi ataitibu namba.

Simama hapa. Wapo watu wanaotangaza kwamba watakushushia asilimia kwa malipo. Wanachofanya ni kuvuruga maneno mpaka programu isiyatambue, na mara nyingi na maana huenda nayo. Mwanafunzi aliyekwisha kulipa aje kwako na faili la awali, mrudie pamoja kuanzia hapo. Na ukiona sura nzima si yake, wewe msimamizi usilimalize jambo ofisini kwa huruma wala kwa hasira. Kila chuo kina utaratibu wa maadili ya kitaaluma. Ufuate, kwa maandishi, naye apewe nafasi ya kujieleza.

## Dalili: Chanzo kimeandikwa vizuri mno, lakini hakipatikani

Mwandishi yupo, mwaka upo, jarida lipo, kurasa zipo. Ukitafuta makala, hakuna. Dalili hii imeongezeka tangu wanafunzi waanze kutumia programu za akili mnemba, au akili unde kama wenzetu wa Kenya wanavyozidi kuiita. Programu hizo hutunga marejeleo yenye sura ya kweli: jarida la kweli, mwandishi wa kweli, makala ambayo hakuiandika.

Lakini usiruke moja kwa moja kwenye hukumu. Sababu nyepesi zipo: jina limekosewa herufi, mwaka ni wa toleo la mtandaoni, au ukurasa wa tovuti umefutwa. Bandika DOI (namba ya utambulisho wa makala, inayoanza na 10.) baada ya doi.org/ uone inapokwenda. Ikifungua makala nyingine kabisa, tayari una jibu. Kama ni tovuti iliyozimika, jaribu anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Kisha fungua tovuti ya jarida lenyewe, tafuta juzuu lililotajwa, usome yaliyomo.

Halafu muulize mwanafunzi swali la daftari: notisi ya chanzo hiki iko wapi? Aliyesoma ana kitu cha kuonyesha, hata kama ni mistari mitatu. Asiye na kitu alipewa chanzo, hakukisoma. Nimeweka kanuni katika kundi langu: hakuna rejeleo linaloingia kwenye orodha bila ukurasa wake kwenye daftari. Tangu hapo sijapata tena orodha ya vyanzo sitini kwenye kazi ya kurasa thelathini.

## Dalili: Matini na orodha havikubaliani

Ndani ya kazi kuna jina ambalo kwenye orodha halipo, na kwenye orodha kuna majina ambayo hayakutajwa popote. Mara nyingi ni kwa sababu aya zilifutwa na orodha haikuguswa, au orodha nzima ililetwa kutoka kwenye kazi ya mwaka jana. Dawa ni ya mikono: orodha ichapwe, wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja asome jina, mwingine alitafute kwenye matini kwa Ctrl+F. Likipatikana linawekewa vema, lisipopatikana linakatwa. Jioni moja inatosha.

Majina yetu yana ugumu wake. Mifumo ya kuandika marejeleo kama APA (toleo la saba, la mwaka 2019) inataka jina la ukoo kwanza, nasi wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. Kwa kawaida jina la mwisho ndilo hutangulia. Lakini Shaaban Robert utamkuta kwenye baadhi ya orodha kama "Robert, Shaaban" na kwenye nyingine kama "Shaaban Robert", kwa kuwa Robert lilikuwa jina la baba yake. Mwanafunzi achague umbo moja, ikiwezekana lile la katalogi ya maktaba yake, na asilibadilishe katikati ya kazi. Vyeo (Profesa, Daktari, Sheikh, Mheshimiwa) havina nafasi kwenye rejeleo, hata kama mwandishi ni mkuu wa idara yako.

Taasisi nazo huvunjwa vipande. Mtu anaingiza Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, nayo inalichukua neno la mwisho kuwa ukoo, na orodha inatoka na "Takwimu, O. ya T. ya". Kwenye sehemu ya mwandishi kuna kitufe kidogo cha kubadilisha jina la sehemu mbili kuwa la sehemu moja. Kibonyeze, andika jina zima, basi.

Na kama marejeleo ya Zotero yamegoma kujisasisha ndani ya Word, bofya rejeleo moja. Likionyesha kivuli cha kijivu, bado liko hai, bonyeza Refresh. Lisipoonyesha, limeshageuka maandishi ya kawaida, na sababu ya kawaida ni kwamba faili lilifunguliwa na kuhifadhiwa kwenye simu au kwenye programu nyingine. Wanafunzi wetu wengi huandika kwa simu, na sioni ubaya wake. Ila faili lenye marejeleo hai lisihaririwe kwenye simu: aya mpya ziandikwe kwenye faili jingine, zihamishwe kwenye kompyuta, marejeleo yaingizwe huko. Zotero ni ya bure. Asilipie mtu yeyote kuwekewa.

Simama hapa. Faili likianza kufunguka na kurasa tupu au ujumbe wa kuharibika, mwanafunzi asiendelee kulihifadhi juu ya lile lile. Anakili faili kando, kisha ampelekee fundi wa maabara ya kompyuta. Kila "save" ya ziada inapunguza kinachoweza kuokolewa.

## Dalili: Mahojiano ya uwandani yameingia kwenye orodha kama vitabu

Mwanafunzi amezungumza na mzee kijijini, akaandika jina lake kamili na tarehe kwenye marejeleo. Au kinyume chake: maneno ya mzee yamo ndani ya kazi bila dalili yoyote kwamba kuna mtu aliyeyasema.

Tofautisha mambo mawili. Mtaalamu aliyekujibu swali kwa simu au barua pepe ni mawasiliano binafsi: kwa APA anatajwa ndani ya matini pamoja na tarehe, haingii kwenye orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia mazungumzo hayo. Mtoa taarifa wa utafiti wako ni jambo jingine. Maneno yake ni data yako. Unayaonyesha kwa msimbo uliompa (kwa mfano "MT4, mvuvi, miaka 60 na zaidi"), na sura ya mbinu inaeleza mliongea vipi na wapi. Baadhi ya idara za fasihi simulizi hutaka msimulizi atajwe kwa jina ili apewe heshima ya kazi yake. Ni haki kabisa, ila iwe kwa ridhaa yake aliyoitoa akijua.

Notisi za uwandani ziandikwe siku ile ile, kabla ya kulala. Maneno halisi ya mtu yapewe D ile ile, na anachokumbuka mwanafunzi kwa ujumla kipewe M. Baada ya siku tatu kila kitu kinakuwa M, hata akiapa kwamba ndivyo mzee alivyosema.

Simama hapa. Kama utafiti unagusa afya, watoto, au watu wanaoweza kudhurika kwa kutajwa, usiamue peke yako kwamba msimbo unatosha. Peleka pendekezo kwenye kamati ya maadili ya chuo kabla ya mahojiano ya kwanza. Kwa Tanzania, tafiti za afya huangaliwa pia na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa Kenya, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Na kama mahojiano yamekwisha kufanyika bila ridhaa, usiruhusu hata sentensi moja yake iingie kwenye rasimu. Simamisha uandishi wa sura hiyo, ongozana na mwanafunzi mpaka kwa kamati, na daftari lake la uwandani lifungiwe kabatini mpaka watakapojibu.